Bolti Nne za Landrova ya Gasper

Elina ukimwambia jambo haliwezekani, umeshamtuma akalifanye. Alizaliwa Chapwa, akauza mchele mpakani mpaka wateja wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wakawa wanamjua kwa jina, kisha akaolewa na Gasper, mwenye Landrova kuukuu ya Kiingereza iliyobeba mahindi, wagonjwa na maharusi wa nusu ya wilaya ya Momba. Gasper akiingia uvunguni, Elina ndiye aliyempa spana. Kazi hiyo mtu ukiifanya miaka mingi unajifunza hata usipotaka.

Gasper alifariki gari likiwa limefunguliwa vipande vipande ili likarabatiwe. Matanga hayajapoa, shemeji wa Elina, Ferdinand, akatangaza kuwa chuma kile kiuzwe skrepa. Elina akakataa katakata. Wakavutana mpaka ukoo ukakata shauri: alifunge, aliendeshe mpaka barabara kuu na kurudi. Akiweza ni lake, akishindwa ni la skrepa.

Akalifunga, akisaidiana na Hezron, fundi wa jirani. Siku moja hata Ferdinand alikuja kusaidia, akidai hana kinyongo. Akafunga upande wa usukani, akanawa mikono, akaenda zake mapema.

Siku ya majaribio injini ilinguruma vizuri, kina mama wakapiga vigelegele. Lakini kwenye turubai walipopanga vipuri zilikuwa zimebaki bolti nne.

Hezron akacheka. "Mama, zitupe. Fundi gani habakizi bolti?"

Ferdinand hakucheka. Alikuwa amekuja na mnunuzi wa skrepa na lori lake kabisa. "Mmeona? Gari halijakamilika, litaua watu. Shemeji, kubali yaishe."

Mwingine angezifunga bolti zile kwenye pindo la kitenge, akaondoa gari na kushinda. Elina alizima injini. Alikasirika, maana aliona wote wawili wanamfanya mjinga, mmoja kwa kumchekea na mwingine kwa kumkemea.

"Haliendi barabarani wala haliendi skrepa," alisema, "mpaka nijue hizi ni za wapi."

Akaketi chini na kuzigeuzageuza. Zilikuwa ndefu, nene, zimeshika kutu nchani, lakini karibu na kichwa chuma kilikuwa safi. Basi zilikuwa zimebana kitu kinene. Spana za kawaida zilikataa kushika. Akachukua spana ya inchi ya marehemu, ya vipimo vya Kiingereza, ikaingia vizuri. Hizo zilikuwa bolti za gari lenyewe tangu litoke kiwandani.

Akakagua giaboksi, springi, bampa. Hakuona tundu hata moja lililo wazi.

"Bamayo, mama yangu, lori langu linasubiri," mnunuzi alisema kwa upole.

"Lisubiri."

Akasimama akifikiri. Kama hakuna tundu lililo wazi, basi kuna bolti nyingine zimekaa mahali pa hizi. Akaanza upya, akijaribu spana ile ile kwenye kila kichwa kinene. Ikashika, ikashika, ikashika. Ilipofika kwenye boksi la usukani ikateleza. Vichwa vya pale vilikuwa vidogo, vipya, vinang'aa. Akalitikisa boksi kwa mkono, likacheza.

"Shemeji, hapa ulifunga wewe."

Ferdinand alishusha sauti. "Sikuiona spana ya inchi. Nikaweka za Toyota nilizokuwa nazo mfukoni. Njoo pembeni tuongee."

"Tunaongea hapahapa. Umesema mbele ya watu kuwa litaua watu. Ni kweli, lingeua, na wa kwanza ningekuwa mimi."

Ferdinand hakuwa amekusudia ubaya, alikuwa mvivu tu, lakini uvivu wake ungemtupa mtu korongoni. Elina akampa spana ndogo. Shemeji mtu akavua shati lake zuri, akaingia uvunguni, akazitoa alizoziweka. Za zamani Elina alizikaza mwenyewe, na hakumruhusu hata Hezron kuzigusa.

Kisha akapanda, akawasha, akatoka. Akapita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akageuza barabara kuu, akarudi usukani ukiwa umetulia mikononi mwake. Aliposhuka alimwendea Ferdinand, akamfumbua kiganja na kumwekea zile bolti fupi.

"Hizi ndizo za skrepa," alimwambia. "Mpe mgeni wako, asirudi mikono mitupu."