Vumbi la Ulezi

Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni mdogo wangu alishuka kwenye basi, stendi ya Sumbawanga, bila miwani. Nilitazama saa kwa sababu nilikuwa nimemsubiri tangu saa nane.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Miwani umeisahau wapi?"

"Nimeitupa. Leza, dakika ishirini tu, macho yote mawili." Akanyoosha kidole kuelekea getini. "Soma ubao wa lile basi, kaka."

Nilivua miwani yangu nifute vioo.

"Msubirini kwanza afute madirisha!" akawaambia wapagazi. Walicheka. Nami nilicheka, lakini usiku huo sikula.

Tulirithi macho mabovu kwa baba, sote wawili. Kwa nini apone yeye peke yake?

Nilinunua daftari, nikapiga simu kliniki mbili za Dar es Salaam. Ya kwanza ilitaka milioni moja na laki nane, vipimo na leza siku moja. Ya pili, alikotibiwa mdogo wangu, ilitaka milioni tatu na laki sita, dawa za matone na kurudi mara nne vikiwemo, lakini hawakupangii siku ya leza kabla ya kupima. Kipimo peke yake laki moja na ishirini. Nilikuwa na milioni nne, za mahindi ya misimu miwili na jozi ya ng'ombe wa kulimia. Nikachagua ya pili, kwa sababu sikutaka azidi kunipita.

Huko Dar es Salaam daktari alinipima kwa mashine tatu, kisha akauliza, "Mzee, unasugua macho?"

"Wakati wa kupura ulezi tu. Vumbi lake linawasha."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka saba."

Akanionyesha picha ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Leza hufanya kazi kwa kuipunguza. Yangu ilikuwa nyembamba tayari, na imeanza kuchongoka. "Kusugua kwa miaka mingi huchangia," alisema. "Nikiipunguza zaidi, utapoteza hata hiki ulicho nacho. Baki na miwani. Na usisugue tena."

Nilikumbuka uwanja wetu wa kupuria, kule kijijini Pito. Mdogo wangu alikohoa siku moja tu, mama akamwondoa, akamkalisha ndani na vitabu. Mimi nilibaki na fimbo, napura, najisugua kwa mgongo wa mkono. Ulezi ule ndio uliomlipia ada.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kliniki ya bei nafuu. Dada wa mapokezi aliniambia, "Leo leo, mzee, unatoka bila miwani."

"Konea ikiwa nyembamba?"

"Wengi wanafanya tu, mzee. Lipia hapa."

Nilishika kalamu ya kusaini. Akilini nilimwona mdogo wangu akinyoosha kidole getini. Nilitaka kusaini, sitaficha hilo. Kisha nikaona sitausoma ubao wowote kama daktari yule amesema kweli, na alikuwa amekataa pesa yangu ili aseme. Nikairudisha kalamu.

Stendi ya Sumbawanga mdogo wangu alinipokea. Alitazama miwani, akachukua mkoba wangu. Alikuwa ameutambua tangu mbali, kwa macho yake mapya.

Kipimo laki moja na ishirini, nauli na chakula laki moja na themanini. Nilirudi na shilingi milioni tatu na laki saba.