Tangi Lililokataa Kujaa

Kaka yangu aliporudi Kibondo, baada ya miaka mingi bila kutuma hata salamu, hakuja kwa basi kama watu wengine. Alikuja na gari la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mama mdogo alipoinama kumsalimu aliuliza kama dereva amekaa shimoni. Sisi tulizoea malori ya chakula cha wakimbizi na pikipiki za mapadri. Nakiri kwamba nilipitisha kiganja juu ya bati lile taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani. Sikujua binadamu anaweza kutengeneza kitu kizuri namna ile halafu akakiacha kipite kwenye barabara yetu.

Baba hakulishika. Kaka aliondoka nyumbani kijana, bila kuaga, kwa sababu hakutaka kurithi mizinga ya nyuki, na tangu hapo jina lake halikutajwa mbele ya mzee. Siku ile baba alisema, "Umefika?" Kaka akajibu, "Nimefika." Basi. Siku zote alizokaa, walikula sahani moja kimya kama watu wa misiba miwili tofauti. Kaka aliniambia pembeni, "Dada, nimekuja kuona kama bado nina baba. Kama sina, nikitoka hapa sirudi tena."

Asubuhi ya kuondoka, baba alikuwa ameshakwenda porini kwenye mizinga yake. Mimi nilikuwa nimeolewa Kasulu, nyumbani nilikuja kumwona yeye tu, kwa hiyo kaka akanipa lifti. Alikanyaga mafuta kwa hasira mpaka nikafumba macho. Kiti kilinikumbatia, udongo mwekundu ukawa unakimbia karibu kabisa na kiwiko changu, na ndani ya hofu yote ile nilitaka safari isiishe.

Ikaisha mapema. Kabla ya kijiji cha Nyakitonto gari lilikohoa likazima. Mshale wa mafuta ulikuwa juu ya nusu. Kaka aliigonga geji kwa kidole, akaitukana, akasema inadanganya, tangi ni tupu. Alipofungua kifuniko cha tangi tulisikia kitu kinavuta hewa, fyuu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akafunga, akawasha, likawaka. Tukaenda kidogo, likazima tena. Hapo Nyakitonto kaka alinunua dumu la petroli, akamimina kwa mdomo wa chupa iliyokatwa. Tangi likabugia kidogo, likagugumia, kisha likamtemea petroli yote kwenye viatu. Watu waliosimama kutazama walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao, maana vile viatu alikuwa amevisifia tangu alfajiri.

Tulifika Kasulu kwa kuzima na kuwaka. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi aliyekimbia Burundi, mtu wa maneno mengi na kujisifu kwingi. "Amahoro, amahoro! Hii gari nimeshaiota," alisema baada ya salamu hiyo ya kwao, akalizunguka mara kadhaa kabla ya kushika spana. Kwanza alikosea. Alidhani ni uchafu, akafungua chujio, akalipuliza, halikuwa na kitu. Ndipo akachomoa waya juu ya tangi, akaugusisha kwenye bati la gari, akamwambia kaka awashe swichi atazame geji.

"Imepanda?"

"Imepanda mpaka mwisho!"

"Basi geji ni nzima. Imekwambia ukweli njia yote, wewe ukaitukana." Akatukalisha kutufundisha. Tangi, alisema, lina njia mbili: ya mafuta na ya pumzi. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Mafuta yakiingia, hewa lazima itoke. "Hii yako imekabwa. Ina mafuta, haina pumzi."

Nilikaa pale kwenye tairi bovu nimepigwa na butwaa. Nimejaza madumu tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba hakuna chombo kilicho kitupu, kwamba kila tunapojaza kuna kitu tunakiomba kipishe.

Fundi alilala chali, akajisukuma mpaka nyuma ya gurudumu, akawa anapapasa. Alitoka na kipande cha gunzi la hindi, kimechongwa vizuri, kimeviringishwa nailoni na kufungwa kwa kamba ya gome. Kilikuwa kimeziba mpira wa hewa, ile njia ya pumzi.

Hatukuhitaji kuuliza mkono wa nani. Baba aliishi kwa kuuza asali, na fundo lile tulilijua wote wawili. Uso wa kaka ukabadilika. "Mzee kaniziba. Alitaka nife njiani. Sasa nimejua, na huko sirudi."

Hapo hasira yangu ikapanda. "Wewe uliondoka mdogo, umesahau," nilimwambia. "Dumu la kuuzwa palepale Kibondo baba hulifunika kwa jani la mgomba tu. Gunzi la kuchonga, nailoni na kamba ni kwa asali inayokwenda mbali, ambayo hataki hata tone lipotee. Na nyonga yake ile mbovu! Kanisani hapigi magoti, anasali amekaa. Mwone fundi alivyojaa vumbi, halafu niambie baba alifikaje huko chini."

Kaka alilitazama gari lake. Nami nililitazama, na safari hii si kwa ajili ya wekundu wake. Nilikuwa namwona mzee amelala mgongoni kwenye udongo, peke yake, mkono umenyooshwa ndani ya kitu asichokijua, akipapasa. Fundi alilijaza tangi, nalo likapokea kimya kimya mpaka juu.

Tulipotoka gereji kaka hakushika njia ya Kigoma alikokuwa akielekea. Aligeuza.

Jua lilikuwa bado kali tulipofika Kibondo. Baba alikuwa uani anachuja asali, hakuinuka. Kaka alimwonyesha lile gunzi.

"Baba, hili ni lako?"

"Ego, ni langu. Limechomoka?"

"Tumelichomoa. Uliliweka kwa nini?"

Baba aliifuta mikono polepole. "Gari lilikaa juani, petroli ikawa inadondoka kwenye kale kampira. Nikasema njia ni ndefu, mwana wanje, mwanangu huyu, ataishiwa huko mbele, na mimi sitakuwepo."

Kaka akarudi kwenye gari, akatoa begi lake, akaliingiza ndani ya nyumba.