Kengele za Mhispania

Kwenye ofisi ya mizigo ya Sanyuanli, hapa Guangzhou, Mhispania mmoja alikuwa akifunga katoni ya kengele za ng'ombe. Kijijini kwao milimani, alisema, tangu enzi za mababu wanaume huzivaa kiunoni wakati wa baridi kufukuza mbwa mwitu.

"Mbona za Kichina?" nikamuuliza, nimemkazia macho.

"Mhunzi wetu alikufa, hakuacha mwanafunzi."

Mama wa Kizanzibari nyuma yangu akabinua mdomo. "Muongo huyo, mwanangu. Mila gani hiyo ya kuagizia ng'ambo?"

Karani akagonga katoni ya yule mama kwa kalamu. "Ndani kuna nini?"

Mama akanitazama kwanza. "Visutu," akajibu taratibu, "kanga za jadi, za harusi ya binti yangu."

Nami kofia yangu ya Idi nikaikandamiza kichwani, nisije nikashawishika kusoma lebo yake ya ndani, ilikotengenezwa.