Nilivyomfuatia Bakari Sauti ya Mama Yake

Sababu ya safari yangu ilikuwa Koplo Bakari, mtu wa Msambweni niliyekuwa naye katika kikosi cha kulinda amani nchini Sierra Leone, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati wenyeji wa huko walipokuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Dada yake, Mejumaa, alikuwa akimwandikia. Barua moja ilisema mama yao amelazwa hospitalini. Zilizofuata zote zikasema mama hajambo. Hapo ndipo Bakari alipokosa raha. Kwao, aliniambia, mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba. Hufichwa mpaka afike nyumbani, akalishwe kitako, alishwe, ndipo aambiwe. Yeye mwenyewe aliwahi kumficha hivyo mjomba wake aliyekuwa Uarabuni. Kambini tulikuwa na simu, lakini kijijini kwao hapakuwa na simu, na mgonjwa hawezi kusafirishwa hadi Ukunda kuisubiri. Nilipopata likizo aliniomba jambo moja.

"Usiniletee barua," alisema. "Niletee sauti yake."

Likoni nilivuka kwa feri asubuhi, redio kaseti begani na wasiwasi moyoni. Mimi ni mtu wa Kitui, na haikuwa zamani sana tangu watu wa bara walipofukuzwa upande ule kwa mapanga. Nilijicheka kidogo: nimetoka kwenye vita vya wenzetu, nije kuogopa nchini kwangu!

Ukunda nilishuka kununua betri. Vijana wa bara waliokuwa wakifanya kazi katika hoteli za Diani na Galu walinitania kwa Sheng yao, wakitaka kujua askari mwenye likizo anakwenda kutafuta nini mbali na ufuo. Nilipowaeleza, mmoja wao alinibebea redio mpaka kituoni.

Msambweni niliingia jua likiwa utosini. Mejumaa alinipokea kwa heshima ambayo sitaisahau: mkeka, maji ya kunawa, dafu, kisha wali kwa samaki wa kupaka. Aliniuliza habari za safari, za wazee wangu, za mvua ya kwetu, za kazi. Lakini kila nilipomtaja mama yake, jibu lilikuwa lile lile.

"Utamwona, kaka. Kula kwanza."

Nilijua kwamba nami sasa ninakalishwa kitako, na nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Bakari.

Nilipokwisha kunawa, mwanamke mzee alitoka chumbani akishikilia ukuta, mashavu yamebonyea kwa ugonjwa, kanga zake zinanukia udi. Alikuwa Bi Mwanamisi mwenyewe. Muda wote ule alikuwa akivishwa, kwa sababu hakutaka rafiki wa mwanawe amkute kitandani. Nilisimama nikamwamkia shikamoo, na machozi yakanitoka mbele ya watu, askari mzima.

Nilimwekea redio mbele yake, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwashiria aseme. Alinyamaza. Kaseti ikazunguka, kuku wakilia uani. Niliizima nikamweleza upya, nikidhani hakunielewa.

"Nimekuelewa, baba," alisema. "Ila Bakari hajaniamkia. Nitaitikiaje kabla ya shikamoo?"

Sisi watu wa bara tuna haraka. Nilimwambia kwamba Bakari yuko mbali, hawezi kumwamkia sasa.

"Ataniamkia. Nimemlea mwenyewe."

Niliwasha tena. Alisubiri kuliko nilivyoweza kuvumilia, kichwa amekiinamisha, kisha kwa sauti ya mikwaruzo akaitikia marahaba na kumwuliza hali. Akasubiri. Akashukuru Mungu, akauliza hali za wenzake. Akasubiri tena. Aliujaza upande mzima wa kaseti hivyo, na pale aliponyamaza alikuwa akisikiliza kwelikweli. Nilimstahi mama yule kuliko kamanda yeyote niliyewahi kumpigia saluti.

Niliporudi kazini, kaseti nikiwa nimeivika soksi isivunjike, Bakari hakutaka nimwambie lolote. Alinyoosha mkono tu. Niliiweka redioni mbele ya wenzetu waliokuwa kwenye hema letu.

Kimya. Kuku. Kimya. Jasho lilimtoka Bakari, na mwenzetu mmoja akasema kaseti ni tupu. Mimi nilibana ulimi wangu kwa meno. Bakari alivua kofia, akanyoosha mgongo, akaisogelea redio.

"Shikamoo, mama," alisema polepole.

Hakuwa amelimaliza neno vizuri sauti ilipomfikia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alijibu kwamba hajambo, akajibu na swali lililofuata, akilia bila kujificha, mpaka upande wa kaseti ukaisha. Nami niliyezoea kuwacheka watu wa pwani kwa urefu wa salamu zao, siku hiyo sikutaka ziishe.