Matete Saba

Hospitalini wanamwita Mama Pumzi, na jina lenyewe hakulitafuta. Ni mpiga eksirei. Mwaka wa ishirini na mbili huu yuko chumba kile kile cha chini kisicho na dirisha, na kutwa nzima kazi yake ni kuwaambia watu, "Vuta pumzi. Shikilia hapo hapo. Haya, pumua." Amewaambia waendesha bodaboda na wakunga, amemwambia hata mkurugenzi mwenyewe. Wagonjwa wake wa zamani wakikutana naye sokoni huvimbisha vifua kwa utani, naye hucheka nao, maana si mtu wa makuu.

Lakini ukitaka kumjua hasa, usimfuate kule chini. Mfuate siku yake ya mapumziko, asubuhi mbichi, kwenye vilima vilivyo juu ya mji, penye ziwa linalotupa maji ya bomba sisi sote. Utamkuta amelala kifudifudi kwenye tope, mama mzima mwenye wajukuu wawili, kamera imemziba uso, hasikii la mtu. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na mdomo haumlali, amezoea kuwaambia majirani, "Ndege wale wangekuwa wanaume, ningekuwa nimeshawapeleka kwa wazee."

Yote yalianza siku idara yao ilipokwenda matembezi huko vilimani. Wenzake walikuwa wanagombania kivuli, yeye akashuka kunawa mikono, na hapo ndipo alipowaona vibisi wawili. Kibisi ni ndege wa majini, mweupe shingoni, mashavu ya rangi ya kutu, na kichwani ana kishungi cheusi kilichosimama kama nywele zilizokataa chanuo. Wale wawili walipiga mbizi pamoja, wakaibuka kila mmoja na fungu la majani mdomoni, wakaogelea kuelekeana kwa kasi, na walipokutana wakainuka wima juu ya maji, kifua kwa kifua, wakatikisa vichwa kulia na kushoto bila sauti yoyote. Mama Pumzi alikuwa ameshaona ndani ya vifua vya watu maelfu. Kitu kama kile hakuwahi kukiona, na machozi yalimtoka bila kujua anamlilia nani.

Basi tangu siku hiyo hakupona. Alijifunza majina ya ndege, akanunua kamera, akawazoea mwari na mnandi na furukombe, lakini vibisi ndio waliokaa moyoni. Na vibisi walikuwa wanakwisha. Nyavu za wavuvi wa wizi ziliwanasa wakizama chini kutafuta samaki, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka huu ikabaki jozi moja tu ziwani. Kiota chao kilikuwa fungu la majani linaloelea ndani ya matete, na ndani yake mlikuwa na mayai manne. Yakipotea hayo, vibisi wa ziwa hilo ndio basi tena.

Aliyemwonyesha kiota ni mlinzi wa ziwa, jamaa mmoja mkavu wa maneno, mwenye buti za mpira na filimbi shingoni. "Nimekuonyesha wewe tu, dada," alimwambia Jumamosi moja asubuhi. "Hata bosi wangu hajui. Kaa mbali, piga picha zako, uende." Kisha akaondoka kuzungukia upande wa pili, kwenye pampu.

Mama Pumzi alikaa mbali, kweli. Tatizo lilikuwa matete. Ndege alikuwa amelalia mayai, jua limempiga kishungini, jicho lake jekundu linawaka, na katikati hapo mabua saba yamesimama. Aliyahesabu. Akasogea kulia, yapo. Akasogea kushoto, yapo. Tuite kitu kwa jina lake: tamaa ilimshika. Begini alikuwa na mkasi wa bendeji. Akaingia majini taratibu, ndege akafunika mayai kwa majani haraka haraka na kuteleza pembeni, naye akayakata yale mabua saba, kwa usafi kabisa, akarudi ufukweni. Baada ya nusu saa ndege alirudi. Akapigwa picha mia mbili na kumi.

Jioni alizifungua kwenye kompyuta, mezani pa chakula, mumewe akiwa anamenya chungwa. Picha zilikuwa za ajabu. Manyoya ungeyahesabu. Mume akaacha chungwa, akainama, kwa mara ya kwanza akakosa mzaha. "Mke wangu," alisema, "hii umepiga wewe?"

Sasa, watu wa eksirei wana mazoea yao. Picha hawaianzii katikati. Katikati kila mtu anaangalia, na maradhi hupenda kujificha pembeni. Kwa hiyo wao huanza na pembe nne, kisha kingo, ndipo waingie ndani. Mama Pumzi aliifungua picha ya mwisho na macho yakaenda pembeni yenyewe. Pembe ya juu kulia palikuwa na gogo, na juu ya gogo ametua kunguru. Hakuwa anaangalia maji wala kamera. Alikuwa anaangalia kiota, kupitia pale pale palipokatwa matete.

"Nimemfungulia mlango," alisema.

"Nani?"

"Kunguru. Mayai yale yalikuwa ndani ya nyumba, nikaenda nikavunja ukuta ili nipate picha nzuri."

Asubuhi, giza likiwa bado halijatoka vizuri, mumewe alimpandisha kwenye pikapu pamoja na mabomba yake na kumpeleka vilimani, hakumtania hata mara moja njia nzima.

Mlinzi walimkuta ufukweni amekunja uso. Mayai mawili yalikuwa yameliwa. Maganda yalikuwa yanaelea, na mlinzi alikuwa ameshaamua ni kazi ya wavuvi. "Wamekata matete wapitishe nyavu," alisema. "Leo hii nawaripoti, na mmoja namjua kwa sura."

Hapo Mama Pumzi angeweza kunyamaza. Wazo lilimpitia, tusimfanye malaika. Akatoa mkasi begini, akampa. "Kaka, ni mimi. Niliyakata jana, ulipokwenda kwenye pampu."

Mlinzi aliugeuza mkasi mkononi, akautazama upande huu na upande huu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wewe," alisema. "Wewe, dada." Kisha akavua suruali yake ndefu ya mpira, ile ya kuingilia majini, akamtupia miguuni. "Yamebaki mawili na yote yameanza kupasuka. Ingia. Nitakukatia matete upande ule, wewe uyapande."

Akaingia. Suruali ilikuwa inavuja mguu wa kushoto na maji ya vilimani hayana huruma. Alipanda bua baada ya bua kwenye tope, kunguru akiwa juu ya gogo lake kama mtu anayesubiri chai. Alikuwa bado ana pengo moja la kuziba mkono wake ulipogusa maji na kibisi akaibuka, hatua mbili kutoka kwake.

Mama Pumzi aliganda. Akitoka, ndege atakimbia, na mayai yatapoa. Akiendelea kupanda, ni yale yale. Basi akasimama hapo hapo kwenye lile pengo, maji kiunoni, bua la mwisho mkononi, akawa yeye ndiye tete lililobaki. Mumewe na mlinzi walimwona kutoka ufukweni, wakaelewa, wakakaa chini kwenye nyasi.

Kibisi alizunguka mara tatu. Akapita mbele yake, akamkazia jicho jekundu, akapanda kiotani. Akafunua mayai. Akalala.

Ilikuwa saa moja ya asubuhi. Saa mbili ikapita, na ya tatu. Mguu wa kushoto haukuwa wake tena. Kisha ndege akainuka kidogo, akachukua kipande cha ganda kwa mdomo, akakichovya majini na kukiacha kizame, na chini ya bawa lake kikatoka kichwa chenye mistari myeusi na myeupe, kidogo kuliko kidole gumba. Kifaranga kikampanda mamaye mgongoni kwa miguu inayotetemeka, kikazama ndani ya manyoya mpaka kikabaki kichwa tu. Dume lilikuja na unyoya mmoja mdomoni, unyoya wake mwenyewe, likamlisha mwanawe. Mama Pumzi alikuwa amesoma kwamba vibisi hufanya hivyo. Kusoma na kuona ni mambo mawili. Alihisi kwamba hastahili kuwepo, na papo hapo akamshukuru Mungu kwamba yupo.

Ufukweni mumewe alinyanyua kamera juu, kuuliza kwa ishara. Mkewe hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anaangalia.

Cha pili kilitoka saa saba, kikalegea kwanza, halafu kikapata nguvu, nacho kikapanda mgongoni. Wote wakatulia. Jua lilikuwa la utosi na ziwa zima lilikuwa kimya, na mwanamke aliyesimama ndani yake alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, bila kusogeza hata bega.

Halafu kibisi akajiandaa kuondoka. Alisimama, vifaranga wawili mgongoni, akaingiza mdomo kwenye majani ya kiota. Akapekua upande mmoja. Akapekua upande wa pili, akarudi wa kwanza. Akakaa kidogo. Ndipo akavuta majani yale mabichi, moja moja, kwa uangalifu ule ule wa siku zote, akapafunika pale mahali pasipo na kitu, akashuka majini na wanawe.

Alipita karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Nisamehe, mama," Mama Pumzi alimwambia kwa sauti ya chini. Ndege hakugeuka. Alikwenda zake ziwani, dume likimfuata.

Walimtoa majini kwa kumshika makwapa, mume huku, mlinzi huku. Mlinzi ndiye aliyemkanda mguu mpaka damu ikarudi, na alikuwa bado amekasirika, ukimtazama unaona. Alipomaliza akauliza, kama anavyouliza kila asubuhi akihesabu ndege wa ziwa, "Haya, tuna wangapi?"

"Wawili," alisema Mama Pumzi. "Mama yao anatafuta wanne."