Ufunguo wa Lori la Mumbere

Jemima wa Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, alikuwa na wazimu wa malori, siwafichi. Wenzake walipotazama mapishi na mitindo ya nywele kwenye simu, yeye aliwakodolea macho wanawake wa Zambia wanaoendesha malori ya shaba, wanacheka, kucha zimepakwa rangi. Baba yake Mumbere, mfanyabiashara kutoka Butembo, alimfundisha kuendesha palepale uani.

Mdogo wake wa kiume, Shalom, naye alikuwa na walimu wake wa TikTok: vijana wenye ndevu na miwani ya jua, wanaohubiri kwamba mwanamke akishika usukani, mwanaume amekwisha. Akayameza maneno yao yote bila kutafuna.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Mumbere alikuwa huko kibiashara. Duka lake likaporwa, akakwama. Dereva wa lori lake, ambaye jamaa zake walikuwa hukohuko, akaacha kazi kwenda kuwatafuta. Ghala lao la Lubumbashi tupu, na unga wao uko Sakania, mpakani na Zambia, unasubiri gari. Usipochukuliwa leo unauzwa kwa mwingine, na nyumba ile haikuwa na tegemeo jingine.

Kwao lori haliondoki mpaka mwanaume wa nyumba aweke mkono juu ya boneti, aombe, ndipo amkabidhi dereva ufunguo. Na mwanaume wa nyumba sasa ni nani? Shalom! Mama yao, Domitille, akampa ufunguo.

“Yaya, kamyo haiko ya mwanamuke,” akamwambia dada yake, akapanda lori mwenyewe.

Weee! Lori likaruka, likazima. Likaruka tena, likabusu geti, geti likalala chini. Majirani wakaja mbio.

“Shuka, mutoto wangu,” mama akasema polepole. “Shuka uombe.”

Akashuka jasho likimtiririka. Akaweka mkono kwenye boneti, akaomba, akampa Jemima ufunguo. Furaha iliyompanda yule binti, niwaambie nini! Majirani walipoburuta geti pembeni, lori likanguruma, hilooo, barabara ya Sakania! Vigelegele vikalisindikiza.

Shalom, aliyeketi kando yake, akapiga video, akairusha TikTok. Hata hawajatoka mjini, maoni yakamiminika: huyo ataolewa na nani? Kwao hakuna wanaume?

“Banasema nini?” Jemima akauliza, macho barabarani.

“Bananiuliza miye,” Shalom akajibu. Akaandika polepole, akatuma: “Banaume tuko. Ni miye nilimupa ufunguo.”