Asiyezoea Kujibiwa

Rubani wa kwanza kurudi kambini asubuhi ile aliita redioni mara mbili kabla ya kukubali kwamba anayemjibu si Shangazi. Ilikuwa sauti ya kiume, nzuri tu, yenye kufuata taratibu, lakini ilikuwa na mapengo kati ya maneno, na ndani ya mapengo yale rubani alisikia injini yake mwenyewe ikinguruma katikati ya ukungu. Hakuwahi kuisikia hivyo.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale kambini. Alikuwa sajini wa jeshi la anga, mwanamke mfupi mwenye miwani, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya rada katika chumba kisicho na dirisha, akiwashusha marubani wasioiona ardhi. Kazi hiyo ina utaratibu wake wa ajabu. Ndege ikibakiza maili chache kufika uwanjani, mwongoza ndege humwambia rubani: kuanzia sasa usinijibu. Kisha huongea mfululizo, kushoto kidogo, uko kwenye mstari, unashuka vizuri, endelea, mpaka magurudumu yaguse lami. Rubani hutii. Mikono yake imejaa, na uhai wake uko kooni mwa mtu asiyemwona.

Aliwashusha hivyo kwa miaka kumi na minne, asipoteze hata mmoja. Mkataba ulipokwisha, jeshi likampa cheti chenye mhuri mkubwa, naye akiwa na miaka thelathini na tisa akaomba kazi katika uwanja wa ndege za abiria, upande wa pili wa mji.

Kule walikipokea cheti, wakakisoma kwa adabu, wakamrudishia. Leseni ya jeshi si leseni ya kiraia. Angeanza upya: darasani, kisha mnarani chini ya mkufunzi, kisha mtihani mbele ya mkaguzi. Akishindwa mara mbili, basi. Na kambini hakukuwa na kurudi. Kiti chake kilishapata mwenyewe, yule mwenye sauti ya mapengo.

Darasani hakuna aliyemfikia kwa alama. Mnarani walimpokea kwa utani, wakisimama wima kila alipopanda ngazi.

"Afande, hapa hakuna amri," dada mmoja wa zamu alimwambia. "Hapa kuna foleni na manung'uniko."

"Foleni naijua," alijibu. "Nina mama mkwe na choo kimoja."

Siku ya mtihani wa kwanza, ndege ndogo ilikuwa inatembea ardhini kuelekea njia ya kurukia wakati ndege ya mizigo inakuja kutua. Shangazi akaiambia ndogo isubiri kabla ya mstari uliochorwa kando ya njia ile. Alisema vizuri, kwa ile sauti yake isiyotikisika, kisha akageukia ndege ya tatu. Rubani wa ile ndogo akajibu: tunavuka.

Mkufunzi, kijana wa miaka ishirini na minane, alibonyeza kitufe chake kabla hajavuta pumzi. "Simama! Simama hapo hapo!" Ndege ikasimama, pua imeshapita mstari. Ile ya mizigo ikaamriwa kupanda tena, ikapita juu ya mnara, vioo vikatetemeka. Mkaguzi aliandika sentensi moja, akafunga faili.

"Mama, ulimwambia asubiri," mkufunzi alimwambia baadaye, wakiwa wamekaa kwenye chumba cha kupumzikia. "Hapo hukukosea."

"Najua nilichosema."

"Naye alisema nini?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Mkufunzi akamwekea sauti iliyorekodiwa. Tunavuka. Ilikuwa wazi kabisa. Aliisikiliza mara tatu, na kilichomtisha si kosa lenyewe, bali ugeni wa sauti ile, kana kwamba yeye hakuwepo mnarani. Sheria ya kusikiliza rubani anaporudia maelekezo aliijua. Aliijibia ukurasa mzima darasani. Masikio ndiyo hayakupewa habari. Yalikuwa yamefundishwa kwamba yeye akishasema, jambo limekwisha.

"Nina muda gani kabla ya mtihani wa pili?"

"Wiki sita."

"Zinatosha," akasema, kama mtu anayekunja mikono ya shati.

Jioni aliwasimulia nyumbani. Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, hakuinua hata kichwa.

"Miaka kumi na mmoja nakwambia humsikilizi mtu, leo ndiyo wamegundua? Na wanalipwa mshahara?"

"Mama, sitanii."

"Hata mimi."

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Juzi uliniuliza kama nimekula," alisema taratibu. "Nikakujibu kifua kinanibana tangu asubuhi. Ukasema vizuri, ukaenda kuoga."

Shangazi akamgeukia.

"Kifua?"

"Kimeachia. Ila nilikwambia."

Hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi aliwapa wote wawili kazi: kila atakachosema, wajibu, na mara kwa mara wajibu uongo bila kumwonea huruma. Mama mkwe aliipokea kazi hiyo kama aliyeisubiri maisha yake yote.

"Mama, naomba uniwekee funguo mezani."

"Nimezitupa chooni."

"Asante, Mama," akasema, akatoka. Alipofika barazani alisikia kicheko cha bibi yule, cha kukosa pumzi, ndipo akasimama.

Wiki ya pili alikuwa akiwakamata kila walipodanganya. Wiki ya tatu akagundua tatizo lilikuwa chini zaidi: sekunde ile baada ya kusema, kichwa chake kilikuwa tayari kinapika sentensi inayofuata. Mnarani kila ndege ina kipande chake cha karatasi, na mwongozaji huandika juu yake alichoagiza. Akajizuia kuiinua kalamu kutoka kwenye kipande mpaka rubani amalize neno la mwisho. Kazi ikawa nzito. Foleni ikarefuka, marubani wakaguna hewani.

"Mama, unachelewa," mkufunzi alimwambia.

"Nachelewa, lakini nasikia. Mwendo nitaurudisha."

Akaurudisha, kidogo kidogo, kama mtu aliyevunjika mguu.

Siku ya mtihani wa pili mvua ilinyesha. Mkaguzi alikuwa yule yule. Katikati ya zamu, ndege ndogo iliagizwa isimame kabla ya njia ya kurukia, na rubani akarudia maelekezo neno kwa neno, sawasawa. Lakini alianza kwa kusita, na akamalizia chini chini. Kalamu ya Shangazi ilibaki pale pale.

"Thibitisha umesimama."

Sauti ya rubani ikarudi: "Mnara, samahani. Sina hakika niko wapi."

Kulikuwa na ndege ya abiria inakaribia kutua. Akaiambia ipande izunguke, akasubiri jibu lake lote. Mvua ilifuta kila kitu ambacho vioo vya mnara vilipaswa kuonyesha. Ulimi wake ulijua la kufanya, kumwagia yule rubani maneno mpaka afike salama. Akauzuia.

"Unaona nini mbele yako?" akauliza.

Akangoja. Mkaguzi aliangalia saa. Akangoja.

"Taa za bluu... na kibao cha manjano, kushoto."

"Kisome."

Walikwenda hivyo, yeye akiuliza, rubani akijibu, mpaka ndege ikajulikana ilipo. Ilikuwa bado upande salama wa mstari.

"Ulimzungusha mwenye haki ya kutua," mkaguzi alisema baadaye. "Ulikuwa na hakika kuna haja?"

"Sikuwa na hakika. Ndiyo maana nikamzungusha."

Mkaguzi akatia sahihi.

Leo ana leseni ya mnara. Ya rada, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, bado. Kozi inaanza mwakani. Kwa sasa yuko zamu ya asubuhi, siku tano kwa wiki, akiongoza ndege zilizo ardhini.